Besi ya Kusikia kwa Miguu

Kichwa chetu cha kwanza kiliungulia Idodi, mchana, kwenye harusi, ukumbi mzima ukiwa umesimama kumpokea bibi harusi. Kichwa ni ile mashine inayokuza sauti ya gitaa la besi. Spika zenyewe zinakaa ndani ya boksi lao chini, yenyewe inakaa juu ya boksi, ndiyo maana inaitwa hivyo. Hiki kilikuwa cha siku nyingi, nilikikuta kwenye bendi na sijui nani alikileta. Jenereta ya pale ilikuwa inapanda na kushuka. Niliona taa ya kichwa ikiwaka kupita kiasi, halafu ikafifia, nikafikiri itatulia. Ikaja harufu ya mpira unaoungua, basi, kimekwisha. Wenye jenereta siwalaumu. Walituambia tangu asubuhi kwamba haina nguvu, sisi ndio tulisema tutaona hapo hapo.

Kiongozi wetu, ambaye anaimba na kupiga kinanda na ndiye mwenye vyombo vyote, hakuhangaika. Alichomoa waya wa gitaa langu, akauchomeka kwenye miksa, besi ikaanza kutokea kwenye spika kubwa za mbele pamoja na sauti za waimbaji. Wageni hawakujua kitu. Hata mimi niliona mambo yanakwenda. Ila nyuma yangu dramu zikaanza kupotea.

Anayepiga dramu ni shemeji yangu, amemwoa mdogo wangu wa kike. Tumepiga pamoja tangu kabla hajamwoa. Kosa moja moja kila mtu anakosa, lakini mwendo wake ulikuwa wa kutegemewa, hata kiongozi alikuwa akisema huyu bwana ana saa tumboni. Siku ile alikuwa anakimbia, anajishtukia, anavuta nyuma, kama mtu anayeshuka mlima kwenye utelezi. Kiongozi aligeuka kumwangalia, akaimba kidogo, akageuka tena. Wimbo ule tuliufupisha.

Wakati wa chakula nilimfuata. Alikuwa amekaa kwenye kistuli chake cha dramu na sahani ya pilau mapajani.

"Shemeji, leo wamekupa nini hawa watu? Umelewa?"

"Ningelewa ningepiga vizuri," akasema. Akatafuna kwanza. "Sikusikii, shemeji."

"Si unanisikia hapa."

"Hapa nakuangalia mdomo."

Nikacheka, maana ni mtu wa masihara. Yeye hakucheka. Akaniambia masikio yalianza kwenda tangu akiwa kwenye mashine ya kupasua mbao kule Kilolo, polepole, kwanza ndege, halafu simu, halafu watoto wake. Kwenye muziki alikuwa hajali kwa sababu boksi langu la spika hukaa nyuma ya kistuli chake. Mlio unapanda kwenye miguu ya kistuli, unapita kwenye nyayo na mgongo. "Wewe sikusikii kwa masikio siku nyingi," akasema. "Mimi besi yako naikalia." Leo boksi lilikuwa kimya, besi inatokea mbele kwa wageni, na yeye alibaki kwenye kistuli kitupu.

Dada yangu, mkewe, alikuwa anajua. Nilipokwenda kwao alinikaribisha vizuri, akaniwekea chai, akasema bila kuniangalia: "Kaka, kule kwenye mbao walishamwambia asirudi. Mtu asiyesikia msumeno atakatika mkono. Walisema kwa wema, na ni kweli. Sasa zikiondoka na dramu sijui ataamkia nini."

Kiongozi naye nilimwelezea, kwa ruhusa ya shemeji mwenyewe. Nataka niandike alivyosema, kwa sababu baadaye watu walimsema vibaya na mimi nilikuwepo. Aliendelea kufuta kinanda chake kwa kitambaa. Halafu akasema: "Mimi simfukuzi mtu. Kichwa lazima tununue, besi bila kichwa chake haina heshima. Nendeni wote wawili mkachague. Mkipata kitakachomshika, yuko kwenye kiti chake. Kisipomshika, msimu wa kipaimara unaingia, watu wametulipa malipo ya awali, siwezi kuwapelekea dramu zinazotangatanga." Akatupa kiasi alichokuwa nacho, akasema kisizidi hapo, na kisiwe kizito sana kwa sababu tunabeba wenyewe. Sijui bendi gani ingesema vizuri zaidi ya hapo.

Tulianzia Iringa mjini, kwenye duka la mzee mmoja wa Kihindi ambaye familia yao imeuza redio humo tangu enzi za babu yake. Tulimsalimu kwa Kiswahili, akaitikia "kamwene" na kutuuliza habari za kilimo kwa Kihehe safi kuliko changu. Alikuwa na kichwa kipya, kidogo, unakibeba kwa mkono mmoja kama mfuko wa sukari. Mbele kimeandikwa wati nyingi mpaka nikatoa macho.

"Usiisome sana hiyo namba," mzee akasema. "Hiyo ni nguvu yake akirusha ngumi moja. Wewe unataka ya kulima kutwa. Boksi lako omu ngapi?"

Nikasema sijui. Niliona aibu kidogo, maana nimepiga besi nusu ya maisha yangu. Akaniambia imeandikwa nyuma ya boksi, pale waya unapoingia. Kwa bahati nilikuwa nimelipiga picha kwenye simu, tukaangalia, ilikuwa nane. Akaeleza taratibu kwamba namba ya mbele ya kichwa imepimwa kwa spika za omu nne, zinazopitisha umeme kwa urahisi. Spika za omu nane zinabana zaidi, kwa hiyo kwenye boksi langu nitapata kama nusu tu ya kile kilichoandikwa. Darasa la saba langu halikufika huko, lakini alivyosema nilielewa.

Alikiwasha. Shemeji akakaa kwenye kiti cha plastiki karibu na spika, nyayo zimelala kwenye vigae. Nilipiga mistari ya chini, ile minene. Sauti ilikuwa safi kabisa, kila noti inasikika. Shemeji akatikisa kichwa.

"Inaongea vizuri," akasema, "lakini inaongea na wewe."

Mzee hakutulazimisha. Angeweza. Tulikuwa na hela mfukoni na tulionekana wazi hatujui tunachokifanya. Akasema vichwa vya zamani vyenye transfoma ya chuma, vile vinavyosukuma upepo, vipya vyake hatuviwezi, ila vilivyotumika vinapita Tunduma na kuishia Mbeya. Akatuelekeza soko la Mwanjelwa.

Mbeya tulifika mvua ikinyesha na baridi ile ya kuingia kwenye mifupa. Muuzaji alikuwa mama mmoja wa Kinyakyusa, mnene, amejifunga vitenge viwili, anauza vyombo vilivyotumika, vingi vya makanisa yaliyobadilisha vyombo. Tulipomwambia tumetoka Iringa akatutazama juu mpaka chini.

"Wahehe wawili. Na nyumbani mmemwacha nani analinda? Mbwa si mmeshamla?"

Mimi nilicheka, maana sisi Wahehe tumezoea kutaniwa kwamba tunakula mbwa. Shemeji alikuwa ameangalia kando, hakuona mdomo wake. Akaniuliza, "Anasemaje?" Ikabidi nirudie kwa sauti, duka zima likisikia, "Anasema mbwa tumemla." Utani ukirudiwa unakuwa si utani tena. Shemeji akacheka akiwa amechelewa, akasema, "Mwambie tulimbakishia mkia." Mama akacheka mpaka akashika meza, lakini niliona macho yake yamebadilika, amejua. Kuanzia hapo alikuwa akisema na shemeji ana kwa ana, kwa kutamka, bila kupiga kelele. Watu wengi hawajui hilo, wanapiga kelele tu.

Alikuwa na vichwa viwili tulivyoviweza. Kimoja kilikuwa chepesi, ndugu yake na kile cha Iringa, kwa hiyo tulikiacha. Cha pili kilikuwa kikubwa, kona moja imebonyea, feni yake inakoroma. Ukikinyanyua mgongo unakuuliza una haraka gani. "Sikufichi," mama akasema, "hii nobu ya kuzungusha ya katikati inakwaruza, inataka kusafishwa. Na hii feni ni hivyo hivyo, imezaliwa hivyo. Kingine sikijui."

Duka lake lilikuwa limejengewa jukwaa la mbao, kimo cha goti, kwa sababu mvua kubwa ikija maji ya mtaani yanaingia mpaka ndani. Vyombo vyote vilikaa juu ya mbao hizo, na boksi la kujaribia pia, la omu nane kama letu, nililisoma safari hii. Shemeji alipanda akakaa juu ya kreti la soda. Akavua viatu. Akavua na soksi.

Nilipiga polepole. Mwanzoni hakufanya kitu. Halafu mkono wa kulia ukaanza kugonga paja, na wa kushoto ukaingia, na kisigino kikawa kinashuka pale pale ambapo ngoma kubwa ingekuwepo. Alikuwa amefumba macho. Nikabadilisha wimbo bila kumwambia, akageuka nami. Nikaingia kwenye sebene, ile sehemu ya haraka ya kuchezea, akaingia nami. Nikakata ghafla, akakata. Mama alikuwa anahesabu nyaya zake, akaacha, akasimama na nyaya mkononi.

"Kijaribuni na hapo nje," akasema baadaye, akionyesha baraza la saruji. "Nitawashikia mwavuli. Mimi sipendi mtu arudi hapa kuninunia."

Shemeji alishaanza kuvaa soksi. "Mama, kifunge," akasema. "Hiki hiki."

Mama akaniangalia mimi. Nikamwambia inatosha, mama.

Nimerudi mara nyingi kwenye sekunde ile. Mbao zile zilikuwa zinatingishika hata mtu akitembea. Mama alijua, ndiyo maana alisema. Sijui kama nilisahau kwamba sisi hatupigi juu ya mbao, au niliona na nikanyamaza kwa sababu ya ule uso wa shemeji. Nikijitetea nitasema mvua ilikuwa kubwa. Ilikuwa kubwa kweli. Lakini mwavuli ulikuwepo.

Kazi ya kwanza ya kichwa kipya ilikuwa Kilolo, kipaimara cha watoto mapacha, nyumbani kwa mkulima mmoja mwenye shamba zuri la viazi. Turubai lilifungwa uwanjani, na sisi tukapangwa juu ya nyasi. Nilisogeza boksi mpaka likagusana na kistuli cha shemeji. Nikapiga noti moja ndefu, nikamgeukia. Akatabasamu, akanyanyua kidole gumba. Nilimfahamu vya kutosha kujua kwamba kidole kile kilikuwa cha kunitoa wasiwasi.

Kichwa kilipiga vizuri, nisiseme uongo. Watu waliokaa mbali walikuja kukichungulia. Lakini ardhi ya Kilolo ni laini, ilikunywa yote. Shemeji alikuwa anapiga kwa kuangalia mkono wangu wa kulia. Nilipogundua nikaanza kusogeza mkono kwa nguvu zaidi ili auone, nikawa napiga kama mtu anayefua nguo. Kwa nyimbo za taratibu tulifika.

Ndipo ukafika wakati wa zawadi. Kwetu zawadi hazipelekwi kwa kutembea, zinapelekwa kwa kucheza. Ukoo wa mama wakaja wa kwanza, mashangazi mbele na magodoro vichwani, vitenge, ndoo, blanketi, wanapita katikati yangu na shemeji kwenda meza kuu. Wakaona hapo katikati pana nafasi nzuri, wakasimama hapo hapo wakicheza. Sikumwona shemeji tena. Nilisikia dramu zikiendelea kwa mistari michache, peke yake, zimeshapishana na sisi. Halafu zikanyamaza. Magodoro yalipopita nilimwona amekaa wima, fimbo zote mbili zimelala mapajani, anangoja kuona mkono wangu.

Mashangazi hawakuwa na kosa. Waliendelea kucheza kwa vigelegele vyao na makofi, na kwa kweli sherehe haikuharibika. Wakati wa kurudi kiongozi alikaa mbele na dereva.

Aliyeligusa jambo lile kwanza ni shemeji. "Zile mbao za yule mama," akasema tukiwa nyuma ya kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, tumekumbatia vyombo. "Mbao si ndiyo kazi yangu?" Wiki hiyo hiyo akaenda kwa wenzake wa zamani, wakampa mbao za msindano. Akazipiga randa mwenyewe, akatengeneza kijukwaa cha vipande viwili kinachounganishwa kwa bawaba, cha kutosha kistuli, ngoma na boksi langu. Kilikuwa kizuri mpaka dada yangu akasema ni bora kuliko kitanda chao. Na kilifanya kazi. Tulipiga shughuli mbili juu yake, moja Kihesa na nyingine nje ya mji, na mwendo wake ulirudi. Kwa hiyo siwezi kusema kichwa kile kilitudanganya, wala mama wa Mwanjelwa. Kwenye mbao kilifanya kama kilivyofanya kwake.

Shughuli iliyofuata ilikuwa harusi, ukumbini, mjini. Wimbo wa kuingia maharusi kiongozi huwa anaukata au anaurefusha kufuatana na wao wanavyotembea. Siku ile bibi harusi alikanyaga gauni lake katikati ya ukumbi, wasimamizi wakainama kumsaidia, kiongozi akarudi kwenye kiitikio badala ya kumalizia. Nilimsikia nikageuka naye. Shemeji alinihisi mimi nimegeuka, akageuka. Lakini hapo tayari alikuwa amechelewa, maana mimi mwenyewe nilikuwa nimemfuata mtu, na yeye alikuwa anamfuata anayefuata. Ikatokea tena kwenye mwisho. Wageni wengi hawakuligundua, walikuwa wanaangalia gauni. Kiongozi aligundua. Na shemeji naye aligundua.

Tulipokuwa tunafungua vyombo alikuja kunisaidia kichwa. Kina vishikio viwili, kila mtu anashika chake. Tulikifikisha mlangoni tukakiweka chini kupumzika.

"Kinafanya kazi, shemeji," akasema. "Usije ukafikiri ulinunua vibaya. Nakuhisi wewe mpaka kwenye meno."

"Basi si vizuri."

"Wewe peke yako. Yule anayeimba simhisi. Kinanda sikihisi. Wimbo ukigeuka mimi napata habari kwako." Akajifuta jasho. "Mwaka jana bado nilikuwa nachungulia kidogo kwa masikio. Sasa nakungoja. Dramu hazingoji mtu, shemeji. Wao ndio wanatakiwa wanifuate mimi."

Nikamwambia tutafanya mazoezi zaidi, nitakuwa nampa ishara kwa kichwa. Nikamwambia kuna kupimwa masikio, kuna vifaa. Akaniangalia mdomo mpaka nikamaliza yote, kwa adabu.

"Huko nimeshapita," akasema. "Dada yako hakukwambia? Haya, shika upande wako, hili ni jiwe la kaburi ulilotununulia."

Kesho yake alikwenda kwa kiongozi mwenyewe, hakutaka nifuatane naye. Kiongozi aliniambia baadaye kwamba alimwomba abaki kama msimamizi wa vyombo, na kwamba shemeji alishukuru, akasema atafikiria. Bado anafikiria. Watu wanaosema alifukuzwa wanakosea, na nimewaambia. Dada yangu aliniuliza jambo moja tu, "Alisema mwenyewe?" Nikasema ndiyo, mwenyewe. "Basi," akasema, akaendelea kuchambua maharage. Shemeji alikuwa amekaa mlangoni, akiangalia barabara, na sisi tulikuwa tunazungumza kwa sauti ya kawaida nyuma yake.

Kijukwaa hakitumiki, kiongozi amekiegemeza stoo. Mpigaji mpya tulimpata kwenye kwaya ya usharika wa jirani, mtu mzima, mstaarabu, anakuja kabla ya saa na anasikia kila kitu. Siku yake ya kwanza ya mazoezi nilipanga vyombo kama nilivyozoea, boksi nyuma ya kistuli, karibu kabisa, nobu zote pale nilipoziacha. Tukapiga wimbo mmoja. Akaupiga vizuri, wala sipaswi kuficha, alinipeleka mahali ambapo shemeji hakunipeleka kwa mwaka mzima. Tulipomaliza akageuka, akanigusa bega.

"Kaka, samahani. Hiyo besi inanigonga sana mgongoni. Unaweza kuipunguza kidogo na kuisogeza huko?"

Nikasogeza boksi. Nikainama kwenye kichwa nikapunguza, nikamwangalia, akaonyesha kwa mkono bado. Nikapunguza tena.

"Hapo," akasema. "Asante."

Kiongozi akahesabu, tukaanza.